Mtaala wa kwao au wa kwetu?

Yakianza mazungumzo ya wakimbizi hapa barazani Ngamiani, Tanga, kahawa haijapoa, swali ni lile lile: mtoto afundishwe mtaala wa alikotoka au wa nchi iliyompokea?

Tuanze na lugha, maana ndiyo kiini. Huko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, watoto wa Kongo na Burundi wamekuwa wakisoma mitaala ya kwao. Aliyekatizwa masomo Burundi anaendelea na Kirundi na Kifaransa chake, hapotezi mwaka. Hapo wa kwao umeshinda. Lakini mkoani kwetu, Handeni, walifika Wasomali Wabantu waliokimbia vita ya 1991, wengine wakizungumza Kizigua cha mababu zao waliouzwa utumwani. Mwambie bibi wa Kizigua wa hapo Handeni kwamba hao ni wageni, uone atakavyocheka! Mtoto wa namna hiyo Kiswahili anakidaka uani, akicheza rede.

Cheti? Cha Baraza la Mitihani hapa nchini hakihitaji maelezo. Cha kwao kinategemea wasimamizi wa ng'ambo ya mpaka, na wakichelewa mtoto anakaa tu.

Gharama: mtaala wa kwao una walimu kambini, wakimbizi wenyewe, ila vitabu huvikuti dukani. Wa kwetu vitabu vipo, madawati ndiyo taabu.

Anayetarajia kurudi Burundi karibuni, mwache na Kirundi chake. Aliyepata uraia, kama wengi wa Chogo, makazi ya Wasomali Wabantu hao huko Handeni, mwandikishe shule ya kijijini, hata kama shati la kwanza la sare litamfika magotini.