Baiskeli ya mlimani ukishapita miaka 45: ya umeme au ya kunyonga?

Nina miaka 52, naishi Arusha upande wa Ilboru, na ndani ya miaka sita nimehama mara mbili: nilitoka kwenye baiskeli ya kawaida nikaingia ya umeme, kisha nikarudi ya kawaida. Leo ninazo zote mbili. Goti la kulia ndilo lililonihamisha mara ya kwanza, na betri iliyokufa ikanirudisha. Orodha hii nimeipanga kwa kufuata nilichojifunza kwa fedha zangu na kwa vilima vya huku kwetu. Nimewalenga watu wa rika langu wanaotaka kununua baiskeli moja ya maana, wasirudi dukani baada ya mwaka.

Kabla ya orodha, tupige hesabu ya mlima mmoja.

Chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Ni lami, kilomita 33 hivi, unapitia Soni, na hadi ufike umepanda karibu mita 1,000. Mtu wa kilo 82 aliye kwenye baiskeli ya kilo 13, miguu yake ikiweza kutoa wati 120 mfululizo (kazi ya wastani kwa mtu wa miaka 50 anayefanya mazoezi), atafika juu kwa saa tatu na dakika chache. Mpe mtu huyohuyo baiskeli ya umeme ya kilo 24, mota imwongezee wati 120 nyingine, atafika kwa saa mbili hivi. Betri itakuwa imeliwa kama wati-saa 300. Wati-saa ndizo zile herufi Wh kwenye lebo ya betri. Usipoziona, zidisha volti (V) kwa ampea-saa (Ah). Betri ya 36V na 14Ah ni kama wati-saa 500, na kwa mlima huo inatosha na nyingine inabaki. Kuijaza yote kunakula nusu yuniti ya umeme na kidogo zaidi. Usikubali kulipia betri ya 750 kwa sababu tu ipo: inaongeza kilo na bei.

Tazama tena hesabu hiyo. Miguu imetoa wati 120 kwenye baiskeli zote mbili, na tofauti imekuja kwenye muda. Wanaodai kwamba ya umeme ni ya wavivu hawajaipanda mlimani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwapima waendeshaji 33 kwenye njia ileile ya mlimani, wakiwa na baiskeli ya umeme na ya kawaida. Wakiwa kwenye ya umeme, mapigo yao ya moyo yalikuwa kwa wastani asilimia 94 hivi ya yale ya baiskeli ya kawaida. Moyo ulifanya kazi. Unachopata ni njia ndefu zaidi kwa asubuhi moja, na uwezo wa kupanda na watu wanaokuzidi nguvu. Mwanangu ana miaka 24. Kwa baiskeli ya kunyonga alikuwa ananingoja kila kona, na hatimaye akaacha kunialika. Siku hizi Jumamosi tunapanda pamoja, tunaongea njia nzima.

Sasa orodha.

Ya kwanza: ya kunyonga, shokapu mbele tu, gia nyepesi kabisa

Kama magoti na moyo havina shida, anzia hapa hata kama una fedha za kununua ya umeme. Fundi yeyote ataitengeneza, spea zipo, na usipoigusa miezi mitatu hakuna kinachoharibika isipokuwa upepo wa matairi. Ya mtumba iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Yangu ni ya mtumba, rimu 29, breki za diski za mafuta. Nilitoa shilingi 480,000 na nikaongeza 150,000 za matengenezo.

Kwa umri wetu kitu cha kwanza kutazama ni gia. Hesabu meno ya sproketi ndogo ya mbele, gawanya kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma. Baiskeli za kisasa zenye sproketi moja mbele huwa na meno 30 kwa 51, unapata 0.59. Za zamani zenye tatu mbele ni 22 kwa 34, unapata 0.65, na hizo ni nzuri sana kwetu ingawa wauzaji wanazidharau. Ukipata zaidi ya 0.75, iache au ubadilishe sproketi siku hiyohiyo. Gia nzito mlimani hukulazimisha ukanyage polepole kwa nguvu nyingi, na mzigo wote unabebwa na goti. Mimi goti langu liliumia hivyo: miaka mitatu nilipanda kutoka Sanawari kwenda juu na gia ya kijana. Fundi wangu wa Sakina aliitazama baiskeli, akaniambia, "Mzee, kilichoharibika hapa ni hii sproketi, goti unalisingizia." Lenga mizunguko 70 hadi 90 ya pedali kwa dakika, hata kama wenye miguu yenye nguvu wanakupita.

Ukubwa wa rimu usikusumbue sana. 29 inapita vizuri kwenye mawe, lakini tairi na mipira ya 26 utaipata mpaka duka la kijijini. Breki ziwe za diski, na uulize zinatumia mafuta gani: breki za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, nyingi za kampuni ya SRAM hutumia DOT kama ya gari. Fundi akichanganya, mipira ya ndani huvimba na breki zinakwisha. Halafu pitisha kidole kwenye kila kiungio cha fremu, hasa chini ya usukani, ukitafuta ufa.

Ya pili: ya umeme, shokapu mbele tu, mota katikati

Hii ndiyo ninayompendekezea mwenye goti bovu, anayerudi mazoezini baada ya miaka mingi, au anayetaka kwenda na wenzake wenye nguvu. Aliyewahi kuumwa kifua au kuambiwa ana presha aanzie kwa daktari kabla ya kununua chochote chenye pedali.

Mota iwe pale kwenye kranki, zinapofungwa pedali, isiwe kwenye gurudumu. Ikiwa kwenye kranki inatumia gia zako, kwa hiyo kwenye mwinuko unashusha gia na mota inazunguka kwa kasi inayoipenda. Iliyo kwenye gurudumu la nyuma inalazimika kuzunguka polepole kama gurudumu lenyewe, na umeme mwingi unageuka joto. Mota ya Shimano EP8 na nyingi za Bosch Performance Line CX zina nguvu ya kuzungusha ya newtoni-mita 85, zaidi ya tunavyohitaji. Za zamani kidogo, kama Shimano E8000 yenye 70, zinatosha kabisa na bei yake kwa mtumba imeshuka.

Nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya zimefungwa kwa sheria ya huko: mota hukusaidia mpaka kilomita 25 kwa saa, kisha inaacha. Kupanda hutafika kasi hiyo. Ila kwenye tambarare ya barabara ya Moshi utajikuta unasukuma kilo 24 mwenyewe.

Sasa betri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Betri ya lithiamu hudumu kama mizunguko 500 hadi 1,000 ya kujazwa, lakini inaweza kufa bila kutumika. Masika moja niliiacha yangu ikiwa tupu kabisa, nikaiweka stoo miezi minne. Nilipoichomeka haikupokea chaji tena. Duka nililonunulia halikuwa na programu ya kuipima, na betri hizi huongea na mota kwa kompyuta, kwa hiyo fundi wa kawaida hawezi kukufungia seli mpya ndani ikakubali. Ilibidi ninunue nyingine nzima, na kwa fedha ile ningenunua baiskeli nzuri ya kunyonga na chenji ikabaki. Ukihifadhi, iache kwenye nusu, mahali pasipo na joto, uitazame kila mwezi. Chaja ipitishe kwenye stabilaiza, maana umeme wetu ukirudi baada ya kukatika huja na kishindo. Na baiskeli usiioshe kwa mashine ya maji ya presha kama bodaboda. Vumbi la Meru linatoka kwa kitambaa na brashi.

Kwa sababu hiyo usinunue ya mtumba yenye betri iliyofungwa ndani ya fremu. Iwe ya kuchomoka kwa ufunguo, na ufunguo uwepo. Muuzaji akikuambia betri ni nzima, mwambie mkaipande kilima cha nusu saa pamoja.

Jambo hili niwaambie hasa wenye ndugu Muscat, London au Ujerumani: betri ya baiskeli haipandi ndege ya abiria. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, na kwa kibali cha shirika la ndege 160. Ya 500 itazuiliwa uwanjani na ndugu yako atabaki na fremu. Inasafirishwa kama mzigo wa hatari, kwa kawaida melini, na nyaraka zake. Ulizeni gharama hiyo kabla ya kutuma fedha.

Ya tatu: kuifunga mota baiskeli uliyonayo

Kwa mtu anayetaka kuhamahama kati ya aina mbili bila kununua baiskeli mbili, hili ni jambo la kufikiria kwa makini. Mota ya Kichina ya Bafang BBS02 huingia mahali pa kranki kwenye fremu ambayo nyumba ya kranki (tundu la chini linapopita ekseli ya pedali) ina meno ya skrubu ndani na upana wa milimita 68 au 73, na fundi mzuri anaweza kuivua kwa asubuhi moja. Mota na betri vinaongeza kilo saba au nane. Betri unaweza kuibadilisha kwa ya kampuni nyingine, jambo ambalo Bosch hawaliruhusu.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu mota hii haipimi nguvu ya mguu, inatazama tu kama pedali zinazunguka. Kwenye kona ya changarawe inaweza kusukuma wakati hutaki. Funga hendeli za breki zinazokata umeme, ushushe kiwango cha kusaidia, na breki ziwe za diski mbele na nyuma. Bila hayo sikushauri.

Ya nne: ya umeme yenye shokapu mbele na nyuma

Ni tamu. Mgongo unapumzika, mawe unayapita kama hayapo. Lakini Ulaya mpya ni kati ya euro 4,000 na 8,000, ina beringi nyingi za kubadilisha, shokapu ya nyuma inahitaji fundi maalumu, na kilo 24 zikishuka mlima zinahitaji diski za milimita 200. Ukianguka, kilo hizo zinakuja juu yako, na mfupa wa miaka 50 hauungi kama wa miaka 20. Kama mgongo wako ndio tatizo na fedha zipo, inunue. Vinginevyo tairi pana yenye upepo mdogo na nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe vitakusaidia sana kwa bei ndogo.

Ya tano: ya umeme nyepesi

Mota ndogo kama TQ HPR50 yenye newtoni-mita 50 au Fazua Ride 60 yenye 60, baiskeli nzima kilo 17 hadi 20. Ukiipanda huhisi tofauti kubwa na ya kawaida, na ningekuwa naishi Uswisi ningeiweka ya pili. Huku spea zake hazipo, betri nyingi ziko ndani ya fremu, na bei mara nyingi inazidi ya zile zenye nguvu.

Ya mwisho, ambayo sitaki uinunue, ni ile yenye matairi manene, mota kwenye gurudumu la nyuma, sura ya mlimani na bei ya kuvutia. Mjini itakufikisha sokoni. Kwenye mwinuko mrefu inapata moto na kujizima, na kilo zake zinazidi 25. Jamaa yangu alisukuma ya kwake kutoka katikati ya kilima mpaka nyumbani.

Ukishachagua, nenda dukani asubuhi ukiwa na viatu utakavyopandia. Panda kilima cha karibu. Kama ni ya umeme, zima mota na upande tena kilima kilekile, maana siku betri itakapoisha hiyo ndiyo baiskeli utakayokuwa nayo. Kisha inyanyue mwenyewe, uipandishe ngazi tatu au uiweke nyuma ya gari, bila kusaidiwa na kijana wa dukani. Mimi kwa mtihani huo niliziacha mbili nilizokuwa nimekwisha kuzipenda, na goti langu linanishukuru kila nikifungua geti.