Kahawa ya bei kubwa kwa mtu wa kubana matumizi: tazama tarehe kabla ya pakiti

Mimi ni mtu wa kuhesabu shilingi. Kipande cha sabuni kikibaki hukigandisha kwenye mche mpya, na vituo viwili vya daladala huvitembea kwa miguu. Anasa yangu ni moja tu, nayo ni kahawa nzuri, na ndiyo maana hadi leo inaniuma kwamba mwezi Machi nililipa shilingi 38,000 kwa gramu 250 katika duka moja la Dar es Salaam. Ilikuwa pakiti nyeusi yenye maandishi ya dhahabu na picha ya mlima, lakini nilipoifungua nyumbani haikutoa harufu yoyote, na kikombe chake kilikuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa. Kwa gramu 15 kila kikombe, pakiti ile ilitoa vikombe kumi na sita, yaani karibu shilingi 2,400 kwa kila kikombe cha maji ya boksi.

Nilipoigeuza nikaona kosa langu. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwepo, tena mbali kabisa, lakini tarehe ya kukaangwa haikuandikwa popote. Wanunuzi wengi hubishana kuhusu mkoa, rangi na ukali, mambo ambayo kila mtu anaweza kuyaamua kwa ulimi wake mwenyewe, na hakuna anayeuliza buni ile ilitoka lini motoni. Buni inapokaangwa hujaa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo huvuja polepole kwa siku na majuma, huku hewa ya nje ikiingia na kuyaharibu mafuta yanayobeba harufu. Kwa kipimo cha kikombe changu, buni nzima huninogea hadi majuma manne au matano. Ikishasagwa, nahesabu siku. Tarehe ya mwisho wa matumizi inakuhakikishia tu kwamba hutaumwa tumbo.

Ushahidi wake hauhitaji mtaalamu. Mimina maji ya moto kidogo juu ya kahawa iliyosagwa sasa hivi: ikiwa mpya, huumuka kama unga wa maandazi na kutoa povu, ikiwa ya zamani, hulala kimya kama tope. Ile yangu ya shilingi 38,000 ililala.

Herufi za AA pia zisikutishe, kwa sababu zinataja ukubwa wa punje iliyobaki juu ya chekeche na hazisemi lolote kuhusu siku ilizokaa rafuni.

Katika kahawa za bei kubwa ninazozipendekeza, nafasi ya kwanza naipa kahawa ya Union ya Moshi, na sifichi upendeleo wangu. Union ni ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, na mkahawa wao pale mjini hukaanga buni yake wenyewe. Shemeji yangu anayeishi Moshi huuliza kwanza imekaangwa lini, kisha hununua buni nzima na kunitumia kwa basi. Akipata zile punje za duara, ambazo hutokea pale tunda linapobeba mbegu moja badala ya mbili, huniongezea pakiti moja, nami simlaumu kwa kuzidisha bajeti. Hata baada ya kujumlisha malipo ya mzigo, kikombe changu hakifiki nusu ya bei ya yale maji ya boksi.

Ya pili ni Utengule ya Mbeya, ambayo ni tulivu zaidi mdomoni na inamfaa asiyependa uchachu, mradi muuzaji akuoneshe tarehe. Ya tatu ni AA ya Kenya, yenye uchachu mkali wa zabibu ambao mimi naupenda siku ya Jumapili tu. Ukipata mtu anayetoka Nairobi, mwombe akununulie kwa mkaangaji mwenyewe, kwa kuwa ikishapita mikono mitatu hadi huku hugeuka kuwa kumbukumbu ya kahawa.

Asiye na fedha hizo anunue buni mbichi sokoni, aikaange kidogokidogo kwenye chungu na kuitwanga. Africafe ya kopo inatosha asubuhi ya haraka.

Kinachonikera zaidi ya fedha zangu ni majibu ya wauzaji. Nilirudi dukani na pakiti yangu, kijana akanionesha tarehe ya mwisho na kusema, “Mama, hii bado kabisa.” Nilipomuuliza ilikaangwa lini, alinitazama kana kwamba nimemuuliza umri wa ng’ombe aliyetoa maziwa. Sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii huuzwa nje ikiwa mbichi, nyingine hukaangwa Ulaya, halafu zipo pakiti zinazorudi kwetu baada ya safari ya meli, zikiwa zimezeeka na kupanda bei, nasi tunaambiwa kuwa hiyo ndiyo ya kimataifa. Muuza samaki wa Feri hawezi kunyamaza ukimuuliza samaki wake amevuliwa lini. Muuza kahawa ya shilingi 38,000 anaruhusiwa vipi?

Tangu siku hiyo sinunui pakiti isiyo na tarehe ya kukaangwa, iwe na dhahabu au almasi. Pakiti yenye vali, yaani kile kitundu cha kutolea gesi, huiminya kwanza na kunusa hewa inayotoka. Isiponukia, huirudisha rafuni mbele ya macho ya mlinzi. Mzigo wa mwezi huu uliingia stendi ya Mbezi jana jioni, na juu ya bahasha shemeji alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: “Imekaangwa Jumatatu.”