SSD au RAM kwa laptop inayojikokota?

Menyu ya Start ikichelewa kufunguka, usikimbilie dukani. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, kisha tazama safu mbili za Task Manager: Memory (yaani RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) na Disk (diski inayohifadhi mafaili).

Disk ikigota 100% huku Memory ina nafasi, mchawi ni diski ya kuzunguka. Hiyo husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, na mafaili madogomadogo huishinda kabisa. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hufika 500 hivi ikiwa ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski). Kwa laptop nyingi za mtumba, ningeanzia hapa.

RAM ya GB 4 ikijaa, Windows huhamishia mzigo diskini, hivyo Disk nayo hupanda. Hapo ongeza RAM, ila fungua mfuniko kwanza: kwenye laptop nyembamba mara nyingi imechomelewa kwenye bodi.