TAHADHARI: Mvunja kuta anayezunguka Mkomani na Langoni

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote wenye nyumba za mawe hapa Lamu.

Kuna fundi anazunguka Mkomani, na sasa ameanza kuonekana Langoni. Huwafuata zaidi kina mama wanaoishi peke yao na wenye nyumba walio Mombasa au Uarabuni. Anasema kazi yake ni kufungua vyumba vya zamani viwe sebule kubwa za wageni. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, lakini mwendo wake ni mmoja kila nyumba, na ukiujua utamtambua kabla hajamaliza kikombe cha kahawa.

Akiingia hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hutega sikio, kisha husema: "Huu ni wa kugawa tu, Mama. Haubebi kitu." Kwa mama mdogo wangu alisema hivyo bila hata kupanda juu kutazama kuna nini. Ukuta wenyewe una unene wa karibu nusu mita. Mzee gani alichoma chokaa yote hiyo na kuvusha mawe yote hayo kwa ajili ya kugawa chumba?

Nyumba zetu hazina nguzo za zege ndani. Ukuta ndio nguzo. Boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, juu yake mawe, juu ya mawe tabaka nene la chokaa na vipande vya matumbawe, na juu ya hapo ghorofa nyingine ambayo kuta zake zimekanyaga kuta za chini. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu huko ndiko boriti inakofika bila kubonyea. Kwa hiyo inua kichwa utazame dari. Ukuta ulioingiwa na vichwa vya boriti umebeba. Na ule ukuta mrefu wa kati, unaotenga msana (chumba cha mbele kinachoelekea uani) na ndani (chumba cha nyuma yake), umebeba boriti za pande zote mbili. Huo ndio anaoutaka, maana ndio unaozuia "sebule kubwa".

Boriti zikienda sambamba na ukuta, usishangilie mapema. Huenda juu yake kuna ukuta mwingine, au ndio unaozuia kuta ndefu zisilale. Vile vikuta vyembamba vya matofali au mbao vilivyoongezwa juzijuzi ni habari nyingine, lakini navyo atazame mtu anayejua.

Sasa wizi wenyewe. Kwanza huomba amana ya kununua chuma, yaani bimu ya kubeba dari mahali pa ukuta. Kwa mama mdogo ilikuwa Sh 150,000, na M-Pesa ilisoma jina la mtu mwingine kabisa. Asubuhi huja na vijana na nyundo, akaanza kuvunja katikati ya ukuta, chini, bila kutegemeza dari. Waliozoea nyumba hizi wanajua ndani ya ukuta kuna nini: nyuso mbili za mawe, na katikati vijiwe na chokaa. Ukifungua uso mmoja, vya ndani vinaanza kumwagika vyenyewe. Tundu likifika ukubwa wa mlango, anasimamisha kazi. "Mama, nimekuta ufa ndani. Hii sasa ni kazi nyingine." Bei inapanda maradufu.

Utamfanya nini? Ni kama daktari aliyekupasua tumbo kisha akaanza kuzungumza malipo. Hapo ndipo anapokula. Ile bei rahisi ya mwanzo, ambayo kila mtu alimsifia, ilikuwa chambo tu.

Chuma hakikuja. Badala yake alisimamisha boriti mbili kuukuu sakafuni, moja juu ya kipande cha kigae, akasema zitashika mpaka Jumamosi. Usiku vumbi la chokaa likaanza kudondoka. Mlango wa chumba cha juu ukagoma kufunga, na ufa wa mshazari ukatokea kwenye pembe ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Jirani naye akaona ufa upande wake, maana ukuta wa mwisho ni wa shirika, wa nyumba zote mbili. Jumamosi simu ya fundi ilikuwa imezimwa.

Aliyeokoa nyumba ni fundi wetu mzee wa mtaa. Aliwatoa watu wote nje, wa jirani pia, akakataza mtu yeyote kugonga hata msumari. Kisha zikaletwa zile nguzo za chuma za kuzungusha zinazoshikilia slabu, zikapangwa pande zote mbili za tundu juu ya mbao nene, na mbao nyingine juu chini ya boriti, ili uzito usikae mahali pamoja. Injinia akaitwa baada ya hapo.

Kwa hiyo ukiwa na haja ya kufungua ukuta kweli, kazi ya haki huwa na utaratibu huu. Injinia anapanda juu, anapima, anaandika bimu ya ukubwa gani, inavuka umbali gani, na kila ncha inakalia kiasi gani cha ukuta. Chini ya ncha hizo huwekwa kitako cha zege, kwa sababu jiwe la matumbawe likibanwa na chuma kitupu husagika. Dari hutegemezwa kabla ya nyundo ya kwanza. Ukuta hufunguliwa kidogokidogo, bimu huingia, nafasi ya juu yake hujazwa na kukazwa, na nguzo haziondolewi hadi zege limekomaa. Zege hupimwa nguvu yake kwa siku 28, halikomai usiku mmoja. Chuma chenyewe lazima kipakwe dawa ya kutu, na mchanga wa ufuoni usitumike. Chumvi ya hapa haina huruma.

Na chuma cha mita nne hakipandi punda. Kinatoka Mokowe, gati la bara, kwa chombo, kisha kinabebwa na watu vichochoroni. Mtaa mzima hukiona. Kama hakijaingia nyumbani mwako, asiruhusiwe mtu kugusa ukuta.

Karatasi anayoonyesha fundi huyu pia itazameni vizuri. Ina muhuri wa "injinia" na saini, lakini haina namba ya usajili wala kipimo hata kimoja. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na wakandarasi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na majina yao yanatafutika mtandaoni. Ukimuuliza kuhusu kibali cha kaunti na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho, atakwambia "hiyo ni kwa nje tu, ndani ni mali yako". Mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Nendeni mkaulize wenyewe ofisini kabla ya kuvunja, wala msitegemee maneno yake. Wale pale wamewahi kuona kuta nyingi zaidi yake.

Kama tayari ameanza kwako, usimwongeze pesa ili "amalizie". Toeni watu, mwambieni jirani, pigeni picha za nyufa na kuandika tarehe kando yake kwa penseli, hifadhini ujumbe wa M-Pesa, kisha mtafuteni mtu wa kutegemeza dari siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho. Pamoja na vifusi, vijana wake walibeba boriti za zamani zilizochongwa mraba, zenye mabaki ya rangi nyekundu, na ubao wa juu wa mlango wenye nakshi. Walisema wanakwenda kutupa. Mwenye duka la vitu vya kale au mwenye jahazi akiletewa vitu vya namna hiyo, asinunue, apeleke habari kituo cha polisi Lamu.