Matone au unga? Miezi minne ya kuonja sukari mbadala

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa chai. Si ile ya kuchovya kifuko cha majani kwenye maji ya moto. Chai yetu hapa Tanga inachemshwa sufuriani na maziwa, tangawizi ya kupondwa na hiliki, na sukari inaingia humo humo mpaka inakolea. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Kwa hiyo siku nesi wa kliniki alipoangalia kipimo changu cha kisukari na kuniambia, "Mama, hii sukari ya kijiko basi tena," sikuuliza habari ya wali wala mihogo. Niliuliza chai nitainywaje.

Wiki mbili nilijaribu kuinywa bila kitu. Wapo wanaoweza, Mungu awazidishie. Mimi nilikuwa naikunjia uso kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Ndipo nilipoingia kwenye sukari mbadala, na nilichokikuta huko ni ubishi: huyu anakwambia ya unga ndiyo tamu, yule anaapa kwa ya matone. Nimejaribu zote mbili, na baada ya miezi minne nina la kusema.

Nimepitia aina nne: vipakiti vya unga wa aspatemu, vipakiti vya unga wa sukralosi, matone ya sukralosi kwenye kichupa, na kichupa kingine cha matone ya saiklameti iliyochanganywa na sakarini. Hicho cha mwisho aliniletea binamu yangu anayeishi Hamburg, Ujerumani. Anasema kwao kila duka kubwa linakiuza, kimepangwa jirani na sukari yenyewe. Majina ya kampuni siyataji, na kwa kweli hayana maana sana. Geuza pakiti usome nyuma, maandishi yale madogo ndiyo yatakayokwambia kitakachotokea ulimini.

Mimi sikusoma, na siku ya kwanza iliniumbua. Nilichukua vipakiti sita vya aspatemu, nikavimwaga sufuriani pamoja na maziwa na tangawizi, nikaacha chai ichemke vizuri kama nilivyozoea, nikaifunika kwenye chupa ya chai. Kikombe cha kwanza kilikuwa na utamu wa mbali. Cha saa nne asubuhi kilikuwa chapwa kabisa. Nikadhani nimeuziwa unga wa muhogo. Kumbe aspatemu haipendi moto wa muda mrefu. Imeundwa kwa asidi amino mbili zilizoshikana, na ukiichemsha inaachana, na utamu unakwenda nayo. Inatakiwa iingie kikombeni, chai ikiwa imeshashuka jikoni. Ukifanya hivyo, ni tamu safi, nakubali, karibu zaidi na sukari kuliko nilivyotegemea. Lakini mtu wa chai ya kuchemsha na aspatemu hawawezi kuwa marafiki, kwa hiyo nikahamia sukralosi, ambayo inastahimili sufuria.

Hapo ndipo ulinganisho wa kweli ulipoanza. Watu wengi wanaobishana juu ya unga na matone wanalinganisha vitu viwili tofauti. Unga wao ni aspatemu, matone yao ni sakarini, kisha wanasema "ya maji ni chungu". Siyo maji yaliyoleta uchungu! Ukitaka kujua umbo lenyewe linabadilisha nini, chukua kitu kilekile, unga wa sukralosi na matone ya sukralosi, uweke kwenye chai moja.

Nilifanya hivyo Ijumaa moja baada ya swala, na mwonjaji alikuwa wifi yangu. Wifi ndiye anayepikia pilau harusi za mtaa mzima. Akionja mchuzi anakwambia chumvi imetangulia kitunguu. Mume wangu alimimina bilauri bila sisi kuona: moja ya sukari ya kawaida, moja ya unga, moja ya matone ya sukralosi, na moja ya matone ya Hamburg. Chai yote ya sufuria moja.

Ya sukari aliitambua kwa kunusa tu, sijui alijuaje. Ya unga aliinywa mpaka nusu, akasema ni chai nzuri ila mpishi alikuwa na mkono mwepesi. Ya matone ya sukralosi akaizungusha mdomoni kwa muda. "Wifi," akasema, "hii ni chai iliyohadithiwa sukari." Ya nne alikunywa funda moja, akaiweka chini, akaniuliza kama bilauri ile ilikuwa na sarafu ndani.

Hilo neno lake, chai iliyohadithiwa sukari, limenikaa, kwa sababu ndiyo tofauti yenyewe. Sukari haileti utamu peke yake, inaleta na uzito. Vijiko vitatu ndani ya kikombe vinafanya chai iteleze kidogo, ishike ulimi. Matone hayana uzito huo. Ndani ya kichupa kuna maji, sukralosi, na vitu vya kuzuia kuharibika, basi. Chai inabaki nyepesi kama ilivyokuwa, halafu utamu unaelea juu yake. Unachelewa kidogo kufika, na ukishafika hautaki kuondoka. Nimeshaosha kikombe, nimeshaanza kuchambua mchicha, bado upo kwenye fizi, kama mgeni aliyekwisha kuaga akasimama mlangoni.

Unga nao una siri yake. Sukralosi ina utamu wa takriban mara 600 ya sukari, kwa hiyo kipakiti kinachosemekana ni sawa na vijiko viwili kinahitaji kama miligramu 12 tu. Kiasi hicho ukikimwaga kiganjani utakitafuta kwa miwani. Sasa ule unga wote wa karibu gramu moja ni nini? Ni dekstrosi na maltodekstrini, wanga uliowekwa ili kipakiti kiwe na kitu cha kumwaga. Na dekstrosi ni sukari yenyewe, ni glukosi kwa jina jingine. Ndiyo maana unga unaonekana kuwa na ladha ya "kweli" zaidi: chembe ya sukari imo, inatangulia ulimini na kuufunika ule uchelewaji wa sukralosi. Kipakiti kimoja hakifiki gramu moja ya wanga, si jambo la kukosesha usingizi. Ila mimi nilikuwa natumia vipakiti vinane, wakati mwingine kumi kwa siku, na hapo hesabu inakaribia vijiko viwili vya sukari ambavyo nilikuwa najiambia sijavila. Mwenye kisukari ayajue hayo kabla hajasema unga ni mtamu zaidi.

Kichupa cha Hamburg kinastahili maneno yake. Sakarini ndiyo babu yao wote. Iligunduliwa mwaka 1879 huko Marekani na Constantin Fahlberg, aliyetoka maabara akaketi kula bila kunawa, akashangaa mkate wake ni mtamu. Saiklameti mwaka 1937, Michael Sveda aliweka sigara yake kwenye meza ya maabara, akairudisha mdomoni ikawa tamu. Aspatemu mwaka 1965, James Schlatter alilamba kidole ili achukue karatasi. Sukralosi mwaka 1976 mjini London, mwanafunzi aliambiwa kwa Kiingereza aipime (test), yeye akasikia aionje (taste). Yaani utamu wote huu umetokana na watu ambao bibi yangu asingewaruhusu kusogelea sinia.

Wawili hao, saiklameti na sakarini, huchanganywa kwa sababu kila mmoja anaficha aibu ya mwenzake. Kwa wengi mchanganyiko huo unafanya kazi. Marekani walipiga marufuku saiklameti mwaka 1969 na marufuku hiyo ipo mpaka leo, lakini Ulaya inaruhusiwa, ndiyo maana binamu yangu anaiona kila duka. Kwangu mimi na wifi, bado ule uchungu wa chuma unatokea nyuma ya ulimi, hasa mkono ukizidi. Matone manne kwa kikombe naweza kuvumilia. Sita, nimelamba ufunguo. Lakini mume wangu alikunywa bilauri ileile akasema ni tamu na haina tatizo lolote, akatuona sisi wanawake tunajidekeza. Nimekuja kusoma kwamba hakuwa anatania. Sakarini inagusa pia vipokezi vya uchungu ulimini, na vipokezi hivyo tunarithi tofauti. Wapo wanaouhisi uchungu wake sana, wapo ambao hawauhisi kabisa. Kwa hiyo jirani akikwambia matone fulani ni matamu, yeye anasema kweli kwa ulimi wake, na wewe uonje kwa wako. Ujanja mmoja uliosaidia kidogo: punje chache za chumvi kwenye chai. Chumvi inapunguza uchungu. Tangawizi nyingi nayo inasaidia kuuficha.

Nimeyasema matone vibaya, sasa niyatetee. Kwenye kitu cha baridi, unga umeshindwa na hakuna ubishi. Nilitengeneza maji ya ukwaju kwa ajili ya futari, nikamwaga vipakiti vya unga juu ya jagi lenye barafu. Vikaganda madonge madogo juu, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Matone yanaingia na kupotea hapo hapo. Na ule utamu unaong'ang'ania, ambao kwenye chai ni kero, kwenye ukwaju ni faida, maana uchachu unaukata katikati, unabaki mdomo msafi. Ndimu vilevile. Kwa juisi ya baridi nayapa matone ya sukralosi tisa kwa kumi, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya kile kichupa chenyewe. Ukikibana kidogo zaidi, badala ya matone matano yanatoka kumi na tano, na huwezi kuyarudisha. Jagi zima la ndimu nimewahi kulimwaga, au tuseme, mume wangu amewahi kulinywa peke yake kwa siku mbili.

Kwenye mapishi sina mengi. Vitumbua vya matone vilikuwa vitamu lakini vyeupe, havikupata ule ukingo wa kahawia unaolia mdomoni. Mandazi ya unga wa sukralosi yalipata rangi kidogo, kwa kazi ya ile dekstrosi bila shaka. Yote mawili yalikuwa na kitu kimepungua. Siku hizi nikitaka andazi nakula moja la sukari ya kweli, nusu asubuhi nusu jioni, na naliandika kwenye daftari la kliniki. Kahawa sikuijaribu hata. Kahawa chungu ya Pwani haijawahi kutaka sukari, sukari yake ilikuwa kwenye kashata, na hiyo ndiyo hasara ninayoililia hasa.

Kuhusu kutunza: hapa kwetu hewa ni ya chumvi na unyevu, na boksi la vipakiti nililoliacha wazi karibu na jiko liligeuka mawe ndani ya wiki tatu. Kichupa hakina shida hiyo. Kinadumu pia. Changu cha sukralosi kilienda wiki tisa, wakati boksi la vipakiti kwa unywaji wangu halikumaliza mwezi. Lakini kichupa kwenye mkoba ni balaa. Nilikwenda nacho msibani Pangani, kifuniko kikalegea, na mpaka leo mtandio wangu mmoja nikiukaribisha mdomoni ni mtamu. Safari ni ya vipakiti.

Wifi, ambaye hana kisukari ila ana simu, hunitumia jumbe za kutisha kila wiki. Nimezifuatilia. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitu hivi kama njia ya kudhibiti uzito, na mwongozo huohuo ulisema hauwagusi walio na kisukari tayari. Julai mwaka huohuo wakala wake wa utafiti wa saratani uliiweka aspatemu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, huku kamati nyingine ikikiacha kiwango kinachokubalika kwa siku palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mimi nina kilo 70, na kipakiti kimoja hakifiki miligramu 40 za aspatemu. Ningehitaji zaidi ya vipakiti 70 kwa siku, na kabla sijafika hapo ningekuwa nimezama kwenye chai. Nilimweleza daktari wangu ninachotumia, akaridhika, ila akanitaka nipunguze utamu wenyewe taratibu, wa aina yoyote. Nimeshuka kutoka kipakiti kimoja na nusu kwa kikombe hadi kimoja, na cha usiku nakikata nusu.

Kwa hiyo nyumbani kwangu sasa mambo yako hivi. Unga wa sukralosi uko kwenye kopo la kubana, jirani na majani ya chai, na unaingia kikombeni. Sufuriani hauendi tena ingawa unastahimili, kwa sababu si kila mtu hapa ndani anaumwa. Matone ya sukralosi yako kwenye mlango wa friji kwa ajili ya ukwaju na ndimu. Kile kichupa cha Hamburg amekirithi mume wangu, asiyekuwa na kisukari wala uchungu wowote ulimini. Anakitia hata kwenye uji. Juzi nimemsikia kwenye simu akimuuliza binamu yangu anakuja lini.