Gundi ya kushonea vazi la Samus: ulizia joto kwanza

Bega la kulia lilifunguka kabla hata sijalivaa. Ilikuwa Jumamosi ya gwaride la Dragon Con, tamasha la watu wanaovaa kama wahusika wa michezo na filamu hapa Atlanta, mwanzoni mwa Septemba, na vazi langu la Samus Aran, shujaa mwenye deraya wa michezo ya video ya Metroid, kazi ya miezi mitatu ya sponji na gundi, lilikuwa limeshinda kwenye buti ya gari Ijumaa nzima juani. Nilipolitoa asubuhi ile, mishono minne ya bega ilikuwa imeachia, vipande vimetanuka kama ua. Gwaride nililitazamia kando ya barabara nikiwa na nguo za kawaida, na uchungu wake ninao mpaka leo.

Tangu nisimulie mkasa huo, wasomaji wa Dar na Nairobi wananiuliza: dada, tununue gundi gani? Wengi wanataka kujua inakauka kwa dakika ngapi. Mimi nakwambia uliza kwanza gundi hiyo inafanya nini ikipigwa joto, kwa sababu hakuna muuzaji atakayekueleza.

Mabega ya Samus ndiyo mtihani wenyewe. Mchezo wa kwanza wa Metroid ulitoka 1986, lakini yale madude ya mviringo yalikuja na mchezo wa pili, 1991, kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya kuchezea michezo. Kioo chake hakikuwa na rangi, kwa hiyo vazi bora analolipata Samus baadaye mchezoni halingeweza kutofautishwa na la kwanza kwa rangi. Watengenezaji wakalipatia mabega makubwa. Sisi tunaoshona nyumbani ndio tunaolipia uamuzi huo. Duara unalikata kwenye sponji ngumu ya EVA, ile ya mikeka ya kuchezea watoto, vipande sita au vinane vyenye umbo la jani, kisha unavikunja na kuvigandisha ukingo kwa ukingo. Sponji ilizaliwa bapa na inataka kurudi bapa. Kila mshono unavutwa usiku na mchana, hata vazi likiwa limening'inizwa kabatini. Siku gundi inapolainika, sponji inashinda.

Ya kwanza kwangu ni Barge, na sijifichi: naipenda. Ni gundi ya mafundi viatu na ngozi hapa Marekani, mpira wa neoprini ulioyeyushwa kwenye kimiminika kikali. Unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi ukigusa kwa kidole haishiki, dakika kumi au kumi na tano, ndipo unakutanisha. Ukishakutanisha umekutanisha, hakuna kurekebisha. Kingo zilizokatwa hunywa gundi, kwa hiyo paka mara mbili, nyembamba nyembamba. Bega langu jipya nimeliacha kwenye buti ileile, mwezi wa Julai, siku tatu. Halikufunguka. Nimejaribu kuubandua mshono kwa mikono na sponji ndiyo iliyochanika, gundi ikabaki. Jambo moja tu: ikunje sponji kwa mashine ya hewa moto kwanza, iache ipoe, ndipo upake. Ukipuliza hewa moto juu ya mshono uliokwisha kugandishwa, hata Barge italegea.

Wa nyumbani, usimwombe ndugu akuletee kwenye ndege. Gundi hizi zinawaka moto na haziruhusiwi ndegeni, iwe begi la mkononi au la kupakia. Na huna haja. Gundi ya fundi viatu, ile ya njano anayopaka kwenye soli na kuisubiri kabla ya kugongagonga, ni ya ukoo huohuo, na ndiyo ninayoiweka ya pili.

Ingekuwa karibu sana na ya kwanza kama si wauzaji. Nina hasira na jambo hili. Gundi inahamishwa kutoka kopo kubwa kwenda kwenye chupa za soda na maji, bila lebo, bila tarehe, na chupa hiyo inaishia nyumbani penye watoto. Ikianza kuwa nzito kwa kuachwa wazi, inatiwa thina na kurudishwa sokoni. Ukipaka unaona inashika vizuri. Wiki mbili baadaye mshono unabanduka kama ganda la ndizi, na ukirudi dukani unaambiwa hujui kupaka. Nunua kopo ambalo halijafunguliwa, hata kama ni dogo. Kama lazima upimiwe, kopo lifunguliwe mbele yako, chovya kijiti: inapaswa kuteremka laini kama asali. Ikidondoka mabongemabonge kama uji uliolala, ondoka. Huku nako wapo wanaotia gundi ya aina ileile kwenye kitubu kidogo, wanachora shujaa mwenye upanga, na bei inapaa. Picha haishiki sponji.

Ya tatu ni zile zisizo na toluini, kemikali ya kuyeyushia gundi yenye mvuke wa sumu. Kwa anayeishi chumba kimoja na mtoto ningempa hizo bila kubishana. Kwa zote tatu, fungua madirisha na vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke huo hata kidogo.

Gundi ya vijiti vya kuyeyushwa kwa bastola ndiyo iliyoniangusha. Inayeyuka kwa joto ili ishike, na joto likirudi inalainika tena. Tumia kwa mapambo madogo. Supagluu ni ngumu kama kioo, sponji ikipinda inapasuka.

Kabla ya kugusa bega, gandisha vipande viwili vya mkeka, upana wa vidole vinne, vikunje kama upinde, vifunge kwa uzi ili visinyooke, kisha viache ndani ya gari lililofungwa juani kuanzia saa nne hadi saa tisa. Kata uzi vingali vya moto: mshono ukiachia, gundi hiyo haifai bega.