Tulivyohudumiwa kwenye majaribio ya seli T: nyota nne, ya tano nimeibania

Ya tano nimeibania kwa sababu ya kipande cha karatasi. Nitafika huko.

Mjomba wangu, mtu wa Pangani, tunaishi naye Marekani. Mwaka 2016 limfoma yake kali ya seli B (saratani ya chembe nyeupe za damu) ilishazishinda dawa za kemo za aina mbili, na mitoki ya shingoni ikarudi mikubwa kuliko mwanzo. Hospitali ikamwingiza kwenye majaribio ya awali ya CAR-T, tiba inayozibadili seli T, askari wa kinga za mgonjwa mwenyewe, ziishambulie saratani. Damu inapitishwa kwenye mashine, seli T zinachujwa na kupelekwa maabara. Huko virusi vilivyonyimwa uwezo wa kuzaana vinazipachika jeni ya kuitambua CD19, alama iliyo juu ya seli B. Tulisubiri zaidi ya wiki mbili, mitoki haisubiri. Kisha kemo siku tatu, halafu seli zikarudi kwenye kimfuko kidogo, kikaisha chai yangu haijapoa. Mjomba akauliza, "Ndiyo basi?"

Usiku wa pili, homa ya 40. Wauguzi walikwisha tuonya, na tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili inapochachamaa, ilikuwa tayari wodini. Hapo sina neno.

Sasa karatasi. Kila siku mgonjwa huandika sentensi moja, ionekane kama ubongo umeguswa. Mjomba aliandika Kiswahili: "Leo nimekunywa uji wa mchele." Siku ya tano kaandika "Leo leo uji leo", mstari ukishuka kama njia ya sisimizi. Muuguzi wa zamu akaweka vema! Atajuaje? Mkalimani wa simu alipatikana siku ya kusaini fomu tu. Nilipoingia asubuhi nikaisoma, nikamtafuta daktari mbiombio. Wakampa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, baada ya siku tatu akanitambua.

Dawa hatukulipia, ila nyumba ya kupanga karibu na hospitali, mwezi mzima, ilikuwa juu yetu. Si haba: dawa ya jamii hiyo, Yescarta, ilipoidhinishwa Oktoba 2017 ilitangazwa kwa dola 373,000. Katika jaribio lake, ZUMA-1, wagonjwa 101 walipewa. Asilimia 82 uvimbe ulipungua, asilimia 54 ukatoweka kabisa. Hesabu na waliobaki kabla hujasaini.

Wa mjomba ulitoweka. Karatasi zake zote ninazo. Ile ya siku ya tano anaikana, anasema huo si mwandiko wake.